Kitambaa Laini Hakitamtuliza Mtoto Anayekataa Suruali

Mzazi huingia kwenye chumba changu cha ushonaji, huweka juu ya meza kitambaa alichokinunua kwa bei kubwa, na kabla sijauliza lolote hunieleza kwamba mtoto wake hakubali suruali yoyote, hivyo amezunguka mjini hadi akapata kitambaa laini kuliko vyote. Nashona nguo za watoto hapa Mwanza, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niandike kwa kirefu kuliko kuendelea kuyajibu mlangoni. Mtoto anayelia kila asubuhi akivalishwa suruali mara nyingi halii kwa sababu ya kitambaa. Analia kwa sababu ya mshono, kiuno, lebo, na zaidi ya yote mkato wa pale miguu miwili inapoachana. Mambo hayo yakiwa mabaya, hata hariri haitamsaidia.

Wapo wanaosema kwamba mtoto wa namna hii anadeka na kwamba akilazimishwa atazoea. Hao sitawajibu kwa maneno mengi. Ngozi ya watu wengi huacha kuihisi nguo muda mfupi baada ya kuivaa, lakini wapo watoto ambao hawapati nafuu hiyo, na mshono waliouhisi asubuhi huendelea kuuhisi hadi jioni. Mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, A. Jean Ayres, alichapisha kitabu chake juu ya namna ubongo unavyopokea na kupanga taarifa za hisi mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeitaja hali ya kuhisi vitu kupita kiasi, au kutovihisi vya kutosha, miongoni mwa dalili za usonji. Hiyo haimaanishi kwamba kila mtoto anayechagua nguo ana usonji, kwani wengi hawana. Ukiona vipele, ngozi iliyokauka na kupasuka, au mtoto asiyevumilia sauti, chakula na kuguswa kwa pamoja, mpeleke hospitali kwanza, halafu uje kwangu kwa ajili ya suruali.

Imani ya kitambaa laini inatokana na jinsi tunavyonunua. Pale soko la Mlango Mmoja, mnunuzi huinua suruali ya mtumba, huisugua kwa nje kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na kama ni laini hulipa. Lakini mtoto haivai suruali kwa vidole, wala haivai kwa nje. Igeuze ndani nje, kisha pitisha ndani yake upande wa ndani wa mkono wako, pale karibu na kiwiko ambapo ngozi ni nyororo, na uanzie kiunoni hadi chini. Utakutana na ukingo wa ovaloki, yaani ule mshono wa nyuzi nyingi unaozuia kitambaa kufumuka, kisha fundo la uzi, kona ya lebo na pengine uzi wa nailoni unaong'aa, ambao ncha yake huchoma kabisa. Hayo ndiyo anayoyavaa mwanao, na kwa kuwa hukuyagusa, unashangaa anacholilia.

Tena ulaini wa dukani hauaminiki. Vitambaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimetiwa wanga au dawa za kulainisha, kwa hiyo ulichokipapasa siku ya kununua sicho kitakachokuwapo baada ya kufuliwa mara kadhaa. Ndiyo maana nasisitiza kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla sijakikata, na wateja wanaoona ninawachelewesha hurudi baadaye kunishukuru, kwa sababu pamba hunywea baada ya kufuliwa na suruali iliyoshonwa haraka hubana. Kuhusu aina ya kitambaa nitasema kwa kifupi: kwa joto letu chagua pamba, au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Katika hali ya kawaida ya hewa, pamba hushika unyevu kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo jasho hubaki juu ya ngozi na kila mshono huanza kusugua. Kanda hii ya ziwa ndiyo inayolima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na inanisikitisha kuona watoto wake wakishinda ndani ya poliesta.

Sasa nije kwenye mishono, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Suruali ya kawaida ina mahali pamoja ambapo mishono minne hukutana: wa mbele, wa nyuma, na miwili ya ndani ya mapaja. Kama kila mshono umepigwa ovaloki na ukingo wake umeachwa na unene wake, basi pale chini pana kifundo kigumu, na kifundo hicho kinakaa mahali ambapo mtoto hawezi kukikwepa akikaa, akitembea wala akichuchumaa. Mafundi wenzangu wengi, wakiambiwa kwamba mtoto ana ngozi nyepesi, hukimbilia mshono wa mara mbili unaozifungia ncha zote ndani, kwa kuwa unaonekana msafi. Naomba waniwie radhi, lakini usafi wa kutazama si sawa na utulivu wa kuvaa. Mshono huo hauna nyuzi zinazochokonoa, ni kweli, ila unasimama kama tuta katikati ya paja, na mtoto anayekimbia atalihisi tuta hilo kwa kila hatua. Ninachofanya mimi ni kuufungua mshono, kuulaza pande mbili kwa pasi, kisha kuzishonea kingo zake chini ili zisisimame. Pale kwenye makutano naweka kipande kidogo chenye umbo la almasi, ili mishono minne isikutane tena mahali pamoja bali kila mmoja uishie kwenye kona yake. Ni kazi ndogo, lakini inahitaji fundi asiye na haraka, kwa sababu kona ikivutwa kidogo tu kitambaa hukunjamana na unakuwa umeongeza kero badala ya kuipunguza.

Mkato nao husahauliwa. Mafundi wengi hukata mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, kama suruali ya kulalia, halafu wanashangaa kwa nini mtoto anaivuta juu kila mara. Mtoto mdogo ana tumbo lililotokeza na kiuno kinachokaribiana kwa upana na makalio, na muda wake mwingi yuko chini. Anakaa mkekani, anapiga magoti, anapanda miamba hii ambayo mji wetu umejengwa juu yake. Akichuchumaa, nyuma huhitaji urefu zaidi kuliko mbele, na usipompa urefu huo suruali itashuka kiunoni huku ikimkata pale chini. Kwa hiyo nampima akiwa amesimama, kisha nampima akiwa amekaa, na kipimo ninachokiamini ni cha pili.

Kiunoni, lastiki nyembamba ni adui. Nguvu ileile ya kubana ikiwekwa kwenye lastiki ya milimita 6 humkata mtoto, na ikisambazwa kwenye lastiki ya sentimita 3 huwa inamshika tu. Tatizo huwa kubwa zaidi mzazi anaponunua saizi kubwa ili mtoto akue nayo, kwani upana wote wa ziada hukusanywa na lastiki na kuwa mikunjo migumu mgongoni. Naelewa kwamba fedha ni ngumu. Afadhali unipe nafasi niache upindo mpana miguuni, tuufumue kadiri anavyorefuka, kwa sababu watoto wa umri huo hurefuka haraka kuliko wanavyonenepa.

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea mwanawe wa miaka 4 pamoja na suruali ya kadeti aliyokuwa akiikataa. “Dada fundi, huyu ananitesa, kila siku ni kilio,” alisema. Nilimwomba mtoto, “Baba, hebu nionyeshe kwa kidole inapokuuma.” Hakusema neno. Aligeuka na kuweka kidole katikati ya kiuno, kwa nyuma. Nilipoigeuza suruali nilikuta lebo imekatwa kwa mkasi, na kisiki chake cha kama milimita 4 kimebaki ndani ya mshono, kimekakamaa, chenye kona mbili kali. “Lakini lebo si nilishaikata?” mama aliuliza, na hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu lebo nzima hulala wakati kisiki husimama. Lebo haikatwi, inafumuliwa. Nilifumua mshono, nikakitoa chote, nikarudishia kwa uzi wa pamba, na mtoto akaondoka ameivaa. Siku chache baadaye mama alirudi, safari hii kwa ajili ya mshono wa paja, kwani kero kubwa ikishaondoka ile ndogo ndiyo huanza kusikika.

Kuna mambo yanayovuruga maelezo yangu mwenyewe, na sitayaficha. Nimeshonea watoto wasiovumilia mshono wowote wa suruali, lakini wanashinda na jezi ya mpira ya poliesta iliyojaa mishono na nembo ngumu kifuani. Wapo pia wanaokataa nguo pana na kutaka kubanwa mwili mzima, na kwa hao ushauri wa “mwachie nafasi” ni mbaya, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia huigusa na kuiachia ngozi kila wanaposogea, wakati taiti ya pamba hutulia mahali pamoja. Kushona mishono ikiwa nje, njia ambayo husifiwa sana, kumewafaa baadhi ya watoto wangu na kwa wengine hakukubadilisha chochote. Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama suruali hii itakubaliwa, simwahidi.

Sare za shule ndizo zinazoniumiza zaidi. Shule moja ilimrudisha mtoto nyumbani kwa sababu kaptura yake ilikuwa na lastiki badala ya zipu na kishikizo, ingawa rangi na urefu vilikuwa sahihi na shati lilifunika kiuno chote. Mwalimu anayesoma hapa namwomba atofautishe sare inavyoonekana na ilivyoshonwa ndani. Naweza kushona kaptura ambayo kwa nje ina mfano wa zipu, yenye kitambaa cha rangi ileile na mikunjo ileile ya pasi, huku ndani ikiwa na lastiki pana na mishono iliyolazwa, na hakuna atakayeitambua mstarini.

Ukija kwangu, usije na kitambaa. Njoo na mtoto, na uniletee ile suruali moja anayoikubali, hata kama imechakaa na kutoboka magoti, kwa sababu kila nyumba yenye mtoto wa namna hii huwa na moja ambayo mtoto hataki ifichwe. Hiyo ndiyo nitakayoipima, mshono kwa mshono, na kuinakili. Akiikubali nakala ya kwanza, tutarudi kununua kitambaa kutoka jora lilelile kabla halijaisha na kushona nyingine mbili kwa mkato huohuo, moja ikiwa na upindo mrefu zaidi kwa ajili ya mwakani.