Dawa ya kuwekea mbao za chombo: si kila kinachonata kinafaa

Fundi anapoweka ubao mpya juu ya mataruma, yaani mbavu za mashua, kabla hajapiga msumari wa kwanza huwa amepaka kitu nyuma ya ubao huo. Kuna anayepaka rangi nzito ya mafuta, kuna anayepaka lami, na siku hizi wengi wanakamua gundi ya mrija kutoka dukani. Kitu hicho si kalafati. Kalafati ni pamba iliyolowekwa mafuta, inayopigwa kwa nyundo na chuma butu ndani ya mshono kutoka nje, mbao zikishakaa. Wala si deheni ile ya shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa inayopakwa tumboni mwa chombo. Hiki hulala gizani kati ya ubao na taruma, na hakuna anayekiona tena mpaka siku ubao utakapong'olewa. Nadhani ndiyo maana kila mtu ana lake la kusema juu yake. Hapa nitakiita dawa ya maungio.

"Inayoshika zaidi ndiyo bora"

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote, na wanaolifanya ni watu wenye nia njema na pesa za kutosha.

Kushika ubao ni kazi ya misumari. Mtepe wa pwani yetu haukuwa hata na misumari: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na chombo kikaenda safari ndefu. Ufundi huo ni wa kale mno. Wagiriki wa karne ya 1 waliofika pwani hii walieleza kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Hapakuwa na gundi ya kubeba mzigo. Dawa ya maungio inajaza tu nafasi ndogo zilizoachwa na tezo na randa, ili maji yasipate mahali pa kulala.

Sasa mtu ananunua 3M 5200, gundi ya poliyuretani iliyotengenezwa kwa maungio ya kudumu, inayochukua siku 5 hadi 7 kukauka kabisa, na anaipaka nyuma ya kila ubao. Lakini ubao wa mashua haudumu. Mdudu wa baharini anautoboa, ubavu unagonga gati, mwamba unachana chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Kila chombo cha mbao, kikiishi, kitabadilishwa mbao. Niliwahi kutazama ubao mmoja uliopasuka ukitolewa kwenye mashua iliyofungwa kwa gundi ya namna hiyo. Misumari ilitoka asubuhi. Ubao ulitoka jioni, vipande vipande, ukiwa umebandua nyama ya mataruma mawili yaliyokuwa mazima. Kazi ya ubao mmoja ikawa kazi ya ubao na mataruma.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza inashika kiasi gani, uliza itatokaje. Dawa za jamii ya polisulfidi hukauka zikabaki laini kama mpira, zinavumilia kukaa majini, na patasi inazikata bila ugomvi mkubwa. Zipo pia poliyuretani za upole zaidi, Sikaflex-291 ikiwa mojawapo. Ile kali ina mahali pake: maungio ambayo hutarajii kamwe kuyafungua, na hayo kwenye mashua ya mbao ni machache sana.

"Mishono ikijazwa epoksi, chombo hakivuji tena"

Mbao haikai kimya. Ikinyonya maji inatanuka, ikipigwa na jua inajikunja, na karibu mwendo wote huo ni wa upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Chukua ubao wa sentimita 20. Ukitanuka kwa asilimia 1 tu, umeongezeka milimita 2. Zidisha kwa mbao 12 za ubavu mmoja, uone ni nguvu kiasi gani inatafuta pa kwenda. Mshono wenye pamba na dawa laini unabinyika na kuipokea nguvu hiyo. Epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa, ikishakuwa ngumu haibinyiki. Mbao zinasukumana, misumari inavutwa, taruma linaweza kupasuka. Chombo kikipandishwa mchangani miezi miwili ya kaskazi, ubao unasinyaa na kuchanika pembeni mwa epoksi, kwa sababu epoksi ina nguvu kuliko nyuzi za mbao.

Kuna vyombo vinavyojengwa kwa epoksi mwanzo hadi mwisho, mbao zote zikafunikwa ndani na nje, na ni vizuri. Siri yao ni kwamba maji hayaifikii mbao, hivyo haina sababu ya kutanuka. Huo ni ujenzi mwingine kabisa. Huwezi kuazima nusu yake.

"Silikoni ya bafuni inatosha"

Haitoshi. Rangi haishiki juu yake. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula misumari ya chuma. Ukiikwangua, mabaki yake yanabaki kwenye nyuzi za mbao na kukataa dawa yoyote utakayoleta baadaye.

Lami ya barabarani nayo: inalainika juani, inachuruzika, na rangi utakayopaka juu yake itageuka kahawia.

"Cha kuogopa ni maji ya bahari"

Hapa hata wazoefu huteleza. Wanaweka dawa kwa uangalifu chini ya mstari wa maji, halafu huku juu, kwenye sitaha na vichwa vya mataruma, wanapitisha brashi mara moja na kuondoka.

Kuvu inayoozesha mbao inahitaji unyevu, hewa na muda. Ubao ulio chini ya maji muda wote hauna hewa ya kutosha, na chumvi nayo inaipunguza kuvu kasi. Maji ya mvua ndiyo adui. Yanaingia kwenye uwazi mdogo chini ya ubao wa sitaha, yanakaa humo bila kukauka, na baada ya masika kadhaa unachoma kisu kwenye kichwa cha taruma kinazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Kama pesa inatosha mrija mmoja tu wa dawa nzuri, mimi ningeupeleka juu. Chini pamba inakusaidia, na maji yenyewe yanakusaidia kwa kuitanua mbao. Juu huna msaidizi.

Na mdudu wa baharini? Huyo hazuiwi na dawa ya maungio hata kidogo. Anaingia kupitia uso wa ubao, ndiyo maana mafundi walipitisha moto wa makuti tumboni mwa chombo kisha wakapaka deheni.

"Vya wazee ni vya umaskini"

Shahamu, sifa (mafuta ya papa) na rangi ya mafuta zina tabia moja ambayo viwanda vinaihangaikia: hazigeuki jiwe upesi, na ubao unatoka ukitakiwa kutoka. Zina kasoro pia. Sifa inanuka, kila mtu anajua, nayo na shahamu huoshwa na maji kidogo kidogo, kwa hiyo zinataka kurudiwa. Ila kuna cha kale kimoja kisichofaa kurudishwa: rangi nyekundu ya risasi, iliyotumiwa sana Ulaya na Marekani kwenye maungio. Inazuia kuoza vizuri, na inamwekea sumu anayeipaka na anayekuja kuikwangua. Kopo la zamani lisilo na jina likitokea bandani, liache.

"Chombo kipya kikivuja, fundi kaharibu"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo ni ya nyumba. Chombo kilichoshuliwa majini leo kitaingiza maji, na kazi ya siku ya kwanza ni kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Mbao zinakunywa, zinakaribiana, na mishono inajifunga yenyewe kwa siku moja mbili. Ndiyo maana fundi mzuri hajazi dawa ya nje, ile inayofunika pamba, mpaka ukingoni mwa mshono. Anauacha na kabonde kidogo. Aliyejaza hadi juu atakuta wiki ijayo dawa imebinywa ikatoka nje kama utepe ubavu mzima, na rangi mpya imefuatana nayo.