Je, wajua kwa nini "parlons" hukatwa mara mbili, kila mara mahali tofauti?

Mwanafunzi wa Kifaransa, awe Bukavu au Bujumbura, anaweza kukuta "nous parlons" (tunasema) limekatwa par-lons ukurasa mmoja, na parl-ons ukurasa mwingine. Hakuna aliyekosea. Mkato wa kwanza unafuata sauti, yaani silabi. Wa pili unafuata maana, yaani mofimu, vipande vidogo vya neno vyenye maana. Kiswahili nacho kina mgongano huo: "anasoma" ni a-na-so-ma kwa silabi, lakini a-na-som-a kwa mofimu. Konsonanti ya mwisho ya mzizi huhama na kuifuata irabu iliyo mbele yake.

Kukata silabi za maandishi si kazi kubwa. Konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili, huenda na ile ya pili: fi-nir. Zikiwa mbili hutengana, par-ler, ila jozi kama bl, pl, tr na dr haziachani: ren-trer. Vivyo hivyo ch na gn, kwa sababu kila moja ni sauti moja: mar-cher, ga-gner. Herufi pacha hutenganishwa kwenye karatasi tu. Katika ap-pe-ler mdomo unatoa p moja.

Mofimu ndizo zenye utamu. Chukua oublier, "kusahau". Shina ni oubli-, na nafsi hukaa mwishoni, si mwanzoni kama kwetu: -ons ndiyo "tu-". Katikati huingia njeo, yaani alama ya wakati. Oubli-er-ons ni "tutasahau". Oubli-i-ons ni "tulikuwa tukisahau". Oubli-er-i-ons, yenye -er- ya wakati ujao na -i- ya wakati uliopita kwa pamoja, ni "tungesahau".

Hapo ndipo sikio linapodanganya. Oublions na oubliions husikika sawa, kwa hiyo wengi huandika i moja. Katika oublierions ile e haisikiki kabisa, matokeo yake ni "oublirions", kosa la kila siku. Anayehesabu mofimu kabla ya kuandika haziachi herufi hizo: i ya kwanza ni ya shina, ya pili ni ya njeo.

Lakini kuna tahajia ambazo mofimu peke yake haiwezi kuzieleza. Kwa nini "nous appelons" lina l moja na "j'appelle" mbili? Rudi kwenye silabi. Katika ap-pe-lons, silabi -pe- iko wazi na e yake ni hafifu, mara nyingi humezwa. Katika j'appelle e ya mwisho haitamkwi, basi l haina irabu ya kuifuata; inarudi nyuma na kuifunga silabi: a-pel. E iliyofungiwa hivyo mwishoni mwa neno haiwezi kubaki hafifu, hutamkwa kwa mdomo uliopanuka. Maandishi huionyesha kwa ll, au kwa è kama katika j'achète (nous achetons).

Céder, "kuachia", hufuata njia hiyohiyo: nous cédons, lakini je cède. Katika "je céderai" e ya kati humezwa, silabi ya kwanza inafungwa na kutamkwa cèd-, ilhali tahajia ya zamani inang'ang'ania é. Marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990 yaliruhusu "je cèderai", ingawa é bado utaikuta kwenye vitabu vingi.