Ziwa Linasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Kisumu ya Zamani

Katikati ya Kisumu, kutoka upande wa bandari kupanda kuelekea mnara wa saa uliozinduliwa 1938, bado yapo maduka ya enzi za ukoloni, mengi yakiwa yalijengwa na Wahindi: biashara chini, familia juu. Leo chini utapata simu, dawa za mifugo na nguo. Juu wamejaa washonaji, mawakili wanaoanza kazi na wapangaji wa chumba kimoja. Ukisema unataka kuhamia huko, utapewa ushauri wa bure na watu ambao hawajawahi kulala hapo hata usiku mmoja. Karibu wote hulitupia ziwa lawama, na lisipokuwa ziwa basi ni uzee wa jengo.

"Mvua ikinyesha, ziwa huingia madukani"

Ziwa Victoria hupanda polepole, kwa wiki na miezi, na likishapanda halishuki kesho yake. Mei 2020 lilivuka kidogo rekodi iliyowekwa 1964, na waliohama ni watu wa ufukweni, kama wale wa Dunga. Maji yanayokufika magotini katika Barabara ya Oginga Odinga baada ya mvua ya saa moja, kisha yakatoweka kabla ya chakula cha jioni, hayakutoka ziwani. Ni ya mvua iliyoshuka kwenye mabati, lami na saruji ikakuta mitaro imeziba kwa udongo na chupa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini chupa zingali zinaelea.

Kwa hiyo ukikagua duka, usipoteze muda kupima umbali wake na ziwa. Tazama kama sakafu iko juu ya ukingo wa mtaro, na kama rangi ya ukuta imechanikachanika kwa mstari mmoja karibu na chini. Mstari huo ni shahidi mwaminifu kuliko ajenti.

Mafuriko ya Ahero na tambarare ya Kano ni habari nyingine kabisa. Huko ni Mto Nyando, unaoshuka na maji ya nyanda za juu za Nandi na Kericho. Mji wa zamani unaweza kuwa mkavu siku ambayo Ahero watu wanabebwa kwa mashua, na kinyume chake pia hutokea.

Kuna na wale wanaoapa kuwa ziwa likijaa ni Waganda wamefunga bwawa kule Jinja. Ni kweli kwamba tangu 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, ndilo hudhibiti maji yanayotoka kuingia Mto Nile. Lakini takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Misimu miwili mitatu ya mvua nzito inatosha kulijaza.

"Mbu wote hutoka ziwani"

Mbu anayeeneza malaria hapendi maji mapana yenye mawimbi. Hutafuta vidimbwi vidogo vilivyotulia na vyenye jua: alama za magurudumu, mashimo ya ujenzi, nyayo za ng'ombe. Yule mwingine anayekupigia kelele usiku huzaana kwenye mitaro michafu. Kanda ya ziwa kweli inaongoza nchini kwa malaria, kwa hiyo neti ni lazima. Ila kukimbilia mtaa wa Milimani huku nyuma ya nyumba kuna dimbwi hakutakusaidia.

"Gugumaji ndilo liliua bandari, na mji ukafa nayo"

Hii inaaminiwa hata na wazee wa mji, na inaniudhi kuliko zote. Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakiitwa Port Florence, na wakati huo eneo hili lilikuwa bado chini ya Uganda; lilihamishiwa upande wa Kenya 1902. Mizigo ilishuka kwenye treni ikapanda meli kuvuka ziwa. Pigo la kwanza lilikuja 1931, reli iliyopitia Eldoret ilipofika Kampala. Tangu hapo mzigo wa Uganda haukulazimika kuonja maji ya Kisumu. Pigo la pili ni 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na shirika moja la reli lililokuwa likihudumia nchi tatu likagawanywa. Malori yanayovuka mpaka wa Uganda pale Busia na Malaba yakamalizia.

Gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na likafikia kilele mwishoni mwa miaka ya 1990. Lilisumbua wavuvi na meli vibaya sana, na bado hurudi upepo ukilisukuma kwenye ghuba. Lakini lilikuta bandari tayari imelala. Tena haikufa: MV Uhuru, meli inayobeba mabehewa, ilirudi kazini mwishoni mwa 2019, na treni ya abiria kutoka Nairobi ikarejea Desemba 2021.

"Nyumba za zamani zina joto"

Mara nyingi ni kinyume. Kuta nene, dari ndefu, matundu ya hewa juu ya madirisha na baraza mbele vilijengwa kwa ajili ya joto la hapa, na alasiri upepo wa ziwani hupita ndani. Joto huanza mpangaji akiziba matundu na kuteremsha dari ya jipsamu ili duka lifanane na la Nairobi. Kinachonitia hofu mimi ni nyaya za umeme: fundi azikague kabla hujaunganisha friji ya pili.

"Jengo likiwa kuukuu, sheria inakataza kuligusa"

Umri peke yake hauleti ulinzi. Chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, jengo hulindwa likitangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Mengi ya mji wa zamani hayajatangazwa, ndiyo maana unaweza kuamka ukute tingatinga.

"Huna mkataba wa maandishi, huna haki"

Wenye maduka wengi hapa hukodi kwa mdomo, na mwenye nyumba akikasirika huwapa siku saba. Hawezi kihalali. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, humlinda hasa asiye na mkataba wa maandishi, pamoja na mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Kumtoa au kumpandishia kodi kunahitaji notisi ya miezi miwili au zaidi, kwa fomu maalumu, yenye sababu. Saluni na kinyozi pia huhesabika kama duka, kwa kuwa wanauza huduma.

Ukiipata notisi usikae nayo kwenye droo. Mjibu mwenye nyumba kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kwamba hukubali, na upeleke shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa. Ukinyamaza, notisi inafanya kazi yake. Na kama kibanda chako umekodishwa na kaunti, sheria hii haikuhusu: imeacha nje upangaji wowote ambao serikali au mamlaka ya mji ni mmoja wa wahusika.