Pwani ya Gurnah haikuwa pepo kabla ya Wajerumani

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, imeenea dhana kwamba riwaya zake zinasimulia pwani iliyoishi kwa amani hadi Wazungu walipokuja kuivuruga. Msomaji wa Paradise (1994), ambayo sasa inapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, hukutana na jambo tofauti mapema sana. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz akidhani anafuatana na jamaa yake, kumbe ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Na anayemfumbua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye ni rehani vilevile. Deni, utumwa na ukatili wa misafara ya bara havikuletwa na Wajerumani, na mwandishi havifichi.

Wapo wanaoharakisha kuhitimisha kwamba kwa kusema hivyo anautetea ukoloni, hoja ambayo naiona dhaifu zaidi kuliko ile ya kwanza. Katika Afterlives (2020), Ilyas na Hamza wanajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yao, kila mmoja kwa sababu zake. Hamza anajeruhiwa vibaya kwa upanga wa mkuu wake Mjerumani, si wa adui. Na Ilyas, aliyewasifu Wajerumani kuliko wote, anafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nchini Ujerumani kwenyewe.