Je, wajua kwa nini mkuu wa taasisi ya mwongozo wa tiba hachagui dawa?

Ukiingia katika kituo cha afya hapa Goma, iwe ni Majengo, Ndosho au Kyeshero, mara nyingi utakuta ukutani, karibu na meza ya muuguzi, karatasi inayoonyesha hatua za kumtibu mgonjwa wa malaria: kipimo kwanza, kisha vidonge kwa malaria ya kawaida, na sindano ya artesunati kwa malaria kali. Watu wazima wa mji huu wanaukumbuka wakati ambapo malaria kali ilimaanisha seramu ya kinini inayodondoka kwa saa nyingi, na masikio yanayovuma hata baada ya homa kushuka. Kisha mwongozo ukabadilika, na kinini ikaacha kuwa dawa ya kwanza. Mama aliyempakata mtoto mwenye homa ana haki ya kuuliza ni nani aliyeamua hivyo, na kama huyo mkubwa angeweza kuamua vingine kwa kupenda kwake tu.

Wengi wetu hudhani kwamba mwongozo wa tiba hutoka kinywani mwa mkurugenzi kama vile amri inavyotoka kwa mkuu wa jeshi. Katika taasisi zilizojengwa vizuri sivyo ilivyo. Mkuu wa taasisi ana mamlaka makubwa, lakini mamlaka yenyewe ni ya kuulinda utaratibu: kuhakikisha kwamba wanaoamua wanafaa, hawana masilahi yaliyofichwa, wamesoma ushahidi wote, na hawatishwi na mtu. Dawa yenyewe haichagui yeye.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua uko Uingereza, kwa sababu huko mambo haya hufanyika mbele ya watu. Taasisi inayojulikana kwa kifupi kama NICE ilianza kazi tarehe 1 Aprili 1999, na kazi yake ni kuieleza huduma ya afya ya umma, hasa ya England, ni tiba zipi zinafaa na zina thamani ya fedha zinazolipwa. Juu yake kuna watu wawili ambao hawapaswi kuchanganywa. Mwenyekiti wa bodi huteuliwa na waziri, na wa kwanza alikuwa Sir Michael Rawlins, mtaalamu wa elimu ya dawa. Mkurugenzi mkuu ndiye anayeendesha shughuli za kila siku, na wa kwanza alikuwa Andrew Dillon, ambaye hakuwa daktari bali mwendeshaji wa hospitali, naye alikaa katika kiti hicho hadi mwaka 2020. Jambo hili huwashangaza watu wa kwetu, ambao wamezoea kuona kila kiti cha afya kikikaliwa na daktari. Lakini ukishaelewa kwamba mkurugenzi huyo hachagui dawa, mshangao unaisha.

Wanaochagua ni kamati. Ndani yake wamo madaktari na wauguzi wanaoendelea kuhudumia wagonjwa, wataalamu wa takwimu na uchumi, na pia watu wa kawaida wanaozungumza kwa upande wa wagonjwa. Kila mjumbe hutangaza masilahi yake kabla ya kikao, na yule aliyelipwa na kampuni inayotengeneza dawa inayojadiliwa anaweza kutolewa nje ya mjadala. Rasimu hutolewa ili watu waipinge au waiunge mkono, na kampuni isiyoridhika inaweza kukata rufaa. Viongozi wa juu huidhinisha kuchapishwa kwa mwongozo, ila wanachokagua ni kama njia imefuatwa. Wazee wa Kivu wanaijua hekima hii kutoka kwenye mashauri ya mashamba: anayesimamia baraza huhakikisha kila upande umesikilizwa, na shamba likiwa la ndugu yake, hujiondoa.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuja upesi. Mnamo Oktoba 1999 taasisi hiyo changa ilishauri kwamba Relenza, dawa mpya ya mafua makali ya kampuni ya Glaxo Wellcome, isitumike katika huduma ya umma msimu huo wa baridi, kwa kuwa ilipunguza ugonjwa kwa muda wa siku moja hivi tu, na ushahidi kuhusu watu walio katika hatari zaidi ulikuwa haba. Kampuni ilikasirika na kutoa vitisho vya kuhamisha shughuli zake nje ya Uingereza. Rawlins na wenzake hawakuusogeza ushauri huo hata kidogo, na waziri wa afya wa wakati huo, Frank Dobson, aliukubali. Mwaka mmoja baadaye, mnamo Novemba 2000, ushahidi mpya ulipopatikana, taasisi ileile iliikubali dawa ileile kwa watu walio katika hatari kubwa. Baadhi ya watu waliona huko kubadilika kuwa ni kuyumba. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu kilichowafanya wabadilike ni ushahidi, na vitisho vya mwaka uliotangulia havikuwa vimewabadilisha.

Hata hivyo, ukuta huo unaoikinga kamati na wenye nguvu una mlango wake. Kwa zaidi ya miaka 20 NICE ilitumia kipimo cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya nzuri ambao tiba inamwongezea mgonjwa. Desemba 2025 ilitangazwa kwamba kipimo hicho kitapandishwa kufikia pauni 25,000 hadi 35,000, na hilo lilitokana na makubaliano ya bei za dawa kati ya serikali za Uingereza na Marekani. Kamati bado itakaa na kusoma ushahidi kama zamani, lakini mizani imeguswa na mkono wa siasa, na nadhani ni mahali kama hapo ambapo kiongozi wa taasisi anahitajika kuliko katika kikao chochote cha dawa.

Sisi wa Goma hatuhitaji kwenda London ili kulielewa jambo hili. Tarehe 14 Julai 2019 msafiri aliyefika kwa basi kutoka Butembo alithibitishwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola katika mji wetu, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Tarehe 20 Julai Rais Tshisekedi alimkabidhi Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, uongozi wa mapambano yote, na tarehe 22 waziri wa afya, Oly Ilunga, akajiuzulu, akilalamika pia kuhusu shinikizo la kuleta chanjo ya pili. Katika siku hizo ndimi zilikuwa nyingi mjini, na swali la nani anaamua halikuwa la wasomi peke yao.

Wakati huohuo, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, utafiti wa tiba ulikuwa ukiendelea tangu Novemba 2018, ukiitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Dawa nne zililinganishwa, na kila mgonjwa alipangiwa mojawapo kwa bahati nasibu. Sasa tazama mahali alipokuwa Muyembe. Mojawapo ya dawa hizo, mAb114, ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, na ni yeye Muyembe ambaye, katika mlipuko huohuo wa Kikwit, alijaribu kuwaongezea wagonjwa 8 damu ya waliopona, wakanusurika 7. Hiyo dawa ilikuwa kama mtoto wa nyumbani kwake. Kama angepewa kalamu achague peke yake, hata angechagua kwa haki kabisa, nani angemwamini?

Hakupewa kalamu hiyo. Bodi huru ya kufuatilia usalama na takwimu ndiyo iliyokuwa ikitazama matokeo. Tarehe 9 Agosti 2019 bodi hiyo ilishauri utafiti usimamishwe, wagonjwa wakiwa wamefikia 681, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeziacha nyingine mbali. Baada ya hesabu kamili ya siku 28, waliofariki walikuwa asilimia 33.5 kwa waliopewa REGN-EB3, ya kampuni ya Marekani, na asilimia 35.1 kwa waliopewa mAb114. Kwa zile dawa nyingine mbili, ZMapp walikuwa asilimia 49.7, na remdesivir asilimia 53.1. Dawa yenye asili ya Kikwit ilisimama karibu kabisa na ile ya kigeni, na hakuna aliyeweza kusema kwamba imebebwa na baba yake.

Tarehe 19 Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa tiba ya Ebola, ulioandaliwa na jopo la wataalamu baada ya kupima ushahidi huo pamoja na mwingine. Unazipendekeza kwa nguvu dawa hizo mbili kwa wagonjwa waliothibitishwa na maabara, wakiwemo wajawazito, wazee na watoto, na pia kwa kichanga wa siku 7 au chini ya hapo aliyezaliwa na mama mwenye Ebola, hata kama kichanga mwenyewe bado hajathibitishwa kuwa mgonjwa.