Pivwane: yenye batu banatudanganya na yenye iko kweli

Wapenzi wa maua wa Goma na Bukavu, leo tunaongea pivwane (kwa Kifaransa pivoine, lile ua kubwa la nchi za baridi), tuanze na ile inaniuma sana. Kuna batu banauzisha mbegu za pivwane ya bulu mu intaneti, picha ni nzuri kabisa, lakini pivwane ya bulu haiko. Iko nyeupe, rozi, nyekundu, njano, hata zambarau, ila bulu hapana, ile rangi banaweka na kompyuta. Tafazali usitume pesa.

"Pivwane inakataa Goma juu ya udongo wa volkano." Hapana, udongo hauna kosa, kosa ni kukosa baridi. Macho ya mzizi (kwenye chipukizi zinatokea) inahitaji kulala wiki nyingi mu baridi kali kabla ya kutoa ua, na sisi hata kama tuko mita 1500 hivi juu ya bahari na usiku tunajifunika blanketi, hiyo baridi hatuna, njo maana unaweza pata majani tu, ua unangoja mpaka unachoka. Lubumbashi mwezi wa saba inakaribia kidogo, lakini ni usiku tu, mchana jua linarudi. Israeli kwenye kuko joto, bakulima banaweka mizizi mu chumba cha baridi, nyuzi 2 mpaka 6, karibu siku 60, kisha njo banaamusha. Mwenye iko na frigo na umeme wenye haukatike ajaribu vile.

"Afrika haina pivwane." Iko! Maroko, kule milimani, kunaota aina moja ya pivwane, Paeonia coriacea, yenyewe, bila kupandwa na mutu, na Algeria pia iko na yake.

"Sisimizi njo wanafungua ua." Hapana, wanafuata tu sukari yenye inatoka kwa chipukizi, waache. Na usizike mzizi chini sana, macho ikae sentimita 3 mpaka 5, ikipita hapo ua linakataa.

Sasa kuzalisha, hapa njo kuko uongo mingi. Mbegu ya Sarah Bernhardt, pivwane moja yenye kujulikana, haikuletee Sarah Bernhardt ingine, inaleta mtoto wake mwenye sura yake mwenyewe. Kama unataka ileile, unagawa mzizi. Mbegu inalala mara mbili, inataka joto ili itoe mzizi, kisha baridi ili itoe jani, na ua la kwanza unangoja miaka 3 mpaka 5, wakati mwingine zaidi. Toichi Itoh wa Japani alichanganya pivwane ya majani na ya mti mu 1948, batu balikuwa banasema haiwezekane, akakufa mu 1956 mbele ya kuona hata ua moja, na leo dunia nzima inaita hizo hibridi (batoto ba aina mbili) kwa jina lake. Namuheshimu sana yule muzee.

"Hibridi ni tasa, tupa." Si kweli. Aina moja ya pivwane, lactiflora, iko na kromosomu (nyuzi za urithi mu chembe) 10, ingine, officinalis, 20, mtoto wao anabaki na 15 na anazaa kwa shida, lakini profesa Saunders wa Marekani alikuwa anaokota zile mbegu chache na kuzipanda, na kizazi cha pili kikaanza kuzaa vizuri. Kwa hiyo ganda likipasuka angalia vizuri: kwa aina nyingi za porini zile mbegu nyekundu ni tupu, nyeusi njo za kupanda, hata ikiwa ni moja tu.