Mzuka wa Lavinia Fisher katika gereza la Charleston: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Lavinia Fisher ni mwanamke aliyenyongwa mwaka 1820, na husimuliwa kuwa mzuka wake unazurura katika gereza la zamani la Charleston, Marekani.

Dhana: Lavinia aliua wageni kwa mamia.
Hakuhukumiwa kwa mauaji hata ya mtu mmoja. Yeye na mumewe John walikamatwa Februari 1819, wakihusishwa na nyumba ya wageni ya Six Mile House, kama kilomita 10 kutoka Charleston, South Carolina. Kilichowatia kitanzini ni unyang'anyi wa barabarani, kosa ambalo wakati ule lilitosha kumnyonga mtu. Chai yenye sumu na kitanda kinachomtumbukiza mgeni shimoni, vinavyotajwa na wasimulizi, havimo katika mashtaka. Mabaki yaliyopatikana yalikuwa ya watu wawili, nayo yalikuwa porini karibu na nyumba, si chini ya sakafu, wala hawakupatikana na hatia ya vifo hivyo.

Dhana: Alinyongwa gerezani akiwa na gauni la harusi, baada ya mumewe kutangulia, kwa kuwa sheria ilikataza kumnyonga mke wa mtu.
Sheria hiyo haikuwepo. Wote wawili walinyongwa 18 Februari 1820, nje ya mipaka ya mji wa wakati ule. Vazi jeupe lililopwaya, alilovishwa mtu wa kunyongwa, ndilo wasimulizi wamelifanya gauni la bibi harusi. Gerezani, mtaa wa Magazine, walifungwa tu, hawakunyongewa humo. Septemba 1819 walijaribu kutoroka kwa kamba ya vitambaa. John alishuka, kamba ikakatika kabla ya zamu ya mkewe, naye hakukubali kumwacha.

Dhana: Sehemu ya pembe nane inayoonekana leo ndiyo alimofungwa Denmark Vesey.
Linganisha miaka. Vesey, mtu mweusi huru aliyeshtakiwa kupanga uasi wa watumwa, alinyongwa 2 Julai 1822. Sehemu hiyo ya pembe nane, iliyo nyuma ya gereza, ilijengwa 1855. Mnara wa gereza la 1802, pamoja na ghorofa ya juu, uliharibiwa na tetemeko la 1886 ukabomolewa. Kwa hiyo anayesikia sauti ya Vesey katika sehemu ya pembe nane anaisikia ndani ya kuta ambazo hazikuwepo Vesey alipokuwa hai.

Dhana: Kisa kikubwa cha gereza hili ni mzuka.
Hili ndilo kosa linalouma zaidi. Desemba 1822, baada ya kesi ya Vesey, jimbo lilitunga sheria ya mabaharia weusi: meli ikitia nanga, baharia mweusi aliye huru alifungwa mpaka meli iondoke. Nahodha ndiye aliyedaiwa gharama za kumweka humo. Asipolipa, mtu huru aliweza kuuzwa utumwani. Mwaka 1863 wakaletwa humo pia askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, waliopigania upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kutekwa katika shambulio la Fort Wagner, ngome iliyo karibu na Charleston. Gereza lilifungwa 1939, na leo linasimuliwa zaidi kwa mzuka wa Lavinia.